Roboti nzito, mnyonya damu asiye na uzito: mwongozo kamili wa sekunde 12 za katuni kwa mtindo wa 1963

Kosa ni lilelile. Karibu kila kipande cha katuni mnachonionyesha, roboti yenye kimo cha ghorofa sita inashusha ngumi kwa kasi ya mtu anayeua mbu, halafu mnyonya damu anayetakiwa kutisha anatembea kwa kujikokota kama amebeba gunia la mkaa. Mchoro ni mzuri, wino umetulia, lakini kikichezwa macho yanakikataa.

Hamjakosa kipaji. Mmekosa vipimo. Hapa chini kuna vipimo vyote, kwa milimita na kwa picha, vya kutengeneza kipande kimoja cha sekunde 12 kwa plastiki, wino, rangi na simu.

## Tunatengeneza nini

Uwanja wa ngome iliyobomoka, alfajiri haijaingia. Mvulana amesimama miguuni pa roboti yake, kisanduku cha rimoti mkononi. Mnyonya damu anamnyang'anya. Anaiamuru roboti ivunje ukuta wa mashariki. Roboti inatii, ukuta unaanguka, jua linaingia.

Nimeuchagua mkasa huu kwa sababu unajibu swali linalowakwamisha wengi kabla hawajashika penseli: mnyonya damu atamfanya nini mpinzani asiye na damu? Jibu limo katika kanuni ya Tetsujin 28-go, mfululizo wa televisheni ya Japani ulioanza 1963 na ambao Marekani uliitwa Gigantor. Roboti ile haina akili yake. Anayeshika kisanduku ndiye bwana wake, awe mtoto mwema au jambazi. Kwa hiyo meno hayana kazi; rimoti ndiyo inayogombewa. Watoto hawataona shingo ikitobolewa wala tone la damu, na hilo nalisisitiza, maana kipande hiki ni chao.

Chukua kanuni tu. Roboti na mvulana wachore wako mwenyewe.

Jambo moja kuhusu sura ya adui. Kwetu mtoto akisikia mnyonya damu anamfikiria mumiani, na mumiani ana gari na sindano. Mwache huko kwake. Wa katuni hizi ni wa Ulaya: joho jeusi, kola iliyosimama, meno mawili marefu. Wajapani humwita kyūketsuki, na maandishi matatu ya jina hilo yanasomeka nyonya, damu, zimwi. Ana sheria tatu: kioo hakimwonyeshi, hana kivuli, jua linammaliza. Zishike zote tatu, kwani kila moja itakupunguzia kazi.

## Vifaa

Usianze kabla havijatimia. Wengi waliokwama katikati walianza na nusu ya orodha hii.

- Plastiki angavu za A4, zile zinazowekwa juu ya ripoti zinapofungwa kwa springi. Michoro ni 25, tupu 4, na nyingine za kuharibika. Nunua 40 za pakiti moja. Pakiti tofauti huweza kutofautiana unene na weupe.
- Karatasi nyeupe 30 za michoro ya penseli.
- Maka peni nyeusi isiyofutika kwa maji, yenye ncha nyembamba. Mbili.
- Rangi nyeupe na nyeusi: akriliki, au rangi ya maji ya ukutani. Brashi mbili.
- Spiriti na pamba. Usitumie asetoni, hulainisha plastiki na kuitia ukungu.
- Panchi ya mashimo mawili.
- Ubao tambarare mkubwa kuliko A4, na bolti mbili za milimita 6.
- Kioo cha dirisha kinachotosha kulala juu ya plastiki bila kufika kwenye bolti. Mwombe fundi asage kingo, maana utakinyanyua mara nyingi.
- Manila nyeusi mbili, rula mbili, utepe wa gundi (selotepu).
- Taa mbili za LED za aina moja.
- Stuli ya plastiki yenye tundu katikati ya kikalio.
- Simu yenye programu ya kupiga picha mojamoja. Stop Motion Studio ina toleo la bure na inatosha.

## Hatua ya 1: Weka hesabu ya picha

Tutenganishe maneno mawili. Mchoro ni kitu ulichochora. Picha ni mbofyo mmoja wa simu. Mchoro mmoja unaweza kupigwa picha ishirini.

Filamu hupita kwa picha 24 kwa sekunde. Studio za Japani za 1963, zikidaiwa kipindi kipya kila wiki, zilishikilia kila mchoro kwa picha tatu, hivyo macho yalipata michoro 8 kwa sekunde. Wewe weka programu yako kwenye kasi ya 8. Sekunde 12 mara 8 ni picha 96, na tutazipata kwa michoro 25.

Zigawe kwa shoti tano, yaani sehemu tano za mkasa, kila moja ikionwa kutoka mahali pamoja:

Shoti ya 1, uwanja mzima: picha 16, michoro 3.
Shoti ya 2, kifua cha roboti kinachong'aa: picha 16, michoro 3.
Shoti ya 3, mnyonya damu: picha 16, michoro 6.
Shoti ya 4, ngumi na ukuta: picha 24, michoro 6.
Shoti ya 5, jua: picha 24, michoro 7.

Andika namba 1 hadi 96 kwenye daftari, kila namba na mstari wake. Utatia tiki kila unapobofya. Bila daftari hili utapotea kwenye picha ya 40, na hakuna njia ya kujua uko wapi isipokuwa kuanza upya.

Onyo: usiongeze kasi hadi 12 au 24 ukidhani utapata ulaini. Ulaini mwingi utaiondolea roboti chuma chake. Kushikilia mchoro ndiko kunakomfanya mtazamaji ahisi kitu kizito kimesimama.

## Hatua ya 2: Ubao wenye bolti

Juu ya ubao huu italala mandhari ya karatasi, juu yake plastiki zenye michoro, juu kabisa kioo cha kuzibana, na simu itapiga kutoka juu. Bolti ndizo zinazorudisha kila plastiki palepale. Panchi ya kawaida huacha sentimita 8 kati ya kitovu cha shimo na shimo. Toboa karatasi moja kwenye ukingo mrefu, iweke juu ya ubao, weka alama, toboa ubao, pandisha bolti kutoka chini. Zikate au zichague ziwe na kimo cha milimita 5 hivi juu ya ubao, na kioo kilale bila kuzipanda.

Sasa toboa karatasi na plastiki zote kwa panchi hiyohiyo, ukitumia kizuizi chake kila mara. Usiazime panchi nyingine katikati ya kazi.

Kata dirisha la sentimita 18 kwa 13.5 katikati ya manila nyeusi moja. Huo ndio uwiano wa 4 kwa 3 wa televisheni za wakati ule. Una faida nyingine: plastiki ya A4 ina sentimita 21 kwenda juu, dirisha lina 13.5, kwa hiyo unaweza kuiteremsha plastiki milimita 75 bila ukingo wake kuonekana. Vipimo vyote vya kuteremsha hapa chini vimepangwa visivuke hapo.

Umefaulu ukiweza kuvua plastiki na kuirudisha mara kumi, na mstari ulioko juu yake unarudi palepale.

## Hatua ya 3: Penseli, na ukubwa

Roboti haiwi kubwa kwa kujaza fremu, yaani eneo lote linaloonekana kwenye picha. Inakuwa kubwa kwa kulinganishwa na kitu tunachokijua. Mazinger Z, roboti ya mfululizo wa 1972, ilipewa kimo cha mita 18, tumia hicho. Katika shoti ya 1, roboti ikiwa na sentimita 12, mvulana wa mita 1.4 anakuwa na milimita 9. Naam, milimita 9. Wengi mnamchora wa sentimita 4 kwa sababu mnataka uso wake uonekane, na palepale roboti inakuwa mwanasesere mrefu kidogo. Uso utauona shoti ya 2.

Mstari wa upeo uweke chini, usawa wa magoti ya mvulana. Jicho la mtazamaji likiwa chini, roboti inamsimamia.

Chora kivuli kizito chini ya roboti, na kidogo chini ya mvulana. Chini ya mnyonya damu usichore chochote. Hii ni sheria yake ya pili, na ndiyo njia rahisi kuliko zote ya kumwonyesha mtoto kwamba huyu hakanyagi ardhi kama sisi. Mtoto hatasema kwa nini anaogopa, lakini ataogopa.

Michoro 25 ni hii. Shoti ya 1: roboti, mvulana, macho yaliyowaka. Shoti ya 2: kifua chenye taswira ya mvulana, uso wa mshtuko, kisanduku. Shoti ya 3: joho katika hali nne kutoka kufungwa hadi kufunuliwa, na midomo miwili, nusu wazi na wazi kabisa. Shoti ya 4: kichwa na bega la roboti, mkono wenye ngumi, ukuta uliovunjika, vumbi mara tatu. Shoti ya 5: mnyonya damu akigeuka, joho likianguka mara nne, mwale wa jua, kisanduku.

Kifua cha shoti ya 2 ni kioo, kwa hiyo mvulana awe amegeuzwa: kilichokuwa mkono wa kulia kiwe kushoto. Na mnyonya damu, ambaye wakati huo yuko nyuma ya mvulana, hayumo. Usimchore hata kwa mbali. Kisanduku kitapaa chenyewe kwenye kioo, kikitolewa mkononi na mtu asiyeonekana. Hii ndiyo shoti ninayoipenda kuliko zote, na inataka michoro mitatu tu.

Mandhari zichorwe kwenye karatasi: uwanja wa ngome (shoti ya 1), ncha ya ukuta na anga (shoti ya 4), ardhi penye pengo la ukuta (shoti ya 5). Shoti ya 3 mandhari yake ni manila nyeusi ya pili. Shoti ya 2 inatosha karatasi ya kijivu.

## Hatua ya 4: Wino mbele, rangi nyuma

Futa plastiki kwa spiriti kwanza, pande zote. Mafuta ya vidole ndiyo yanayoifanya rangi ijikunje kama maji juu ya jani la mgomba. Fanya hivyo dirisha likiwa wazi, mbali na moto.

Weka plastiki juu ya mchoro wa penseli kwenye bolti, fuata mistari kwa maka peni. Acha ikauke. Geuza, kisha paka rangi upande wa nyuma. Sababu ni kwamba mstari wa wino unaficha ukingo wa rangi, na mbele plastiki inabaki nyororo bila alama za brashi.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa: ukipaka kwa nyuma, rangi unayoweka kwanza ndiyo itakayoonekana mbele. Anza na vitu vidogo, yaani mng'ao wa chuma, weupe wa macho, meno. Vikauke. Ndipo upake eneo kubwa juu yake. Ukianza na eneo kubwa, meno yatazama ndani ya uso na hayataonekana kamwe.

Changanya kijivu cha aina tatu, ili pamoja na nyeupe na nyeusi uwe na daraja tano. Changanya kwa kikombe kizima kila daraja, ufunike vizuri. Kijivu kilichochanganywa upya siku ya pili hakitalingana, na roboti itabadilika rangi kati ya shoti na shoti. Uso wa mnyonya damu uwe mweupe kabisa, wa mvulana daraja la pili ukihesabu kutoka nyeupe. Ndani ya joho paka daraja la pili pia, maana nje ni jeusi juu ya manila nyeusi: joho likifungwa utaona uso na kola tu, likifunuliwa ndipo umbo lake litakapotoka gizani ghafla.

Anika kwa vibanio vya nguo usiku kucha. Pwani, wakati wa masika, ongeza siku. Usizipange juu ya nyingine mpaka rangi isishike kidole.

Umefaulu ukiinua plastiki mbele ya taa usione vitundu vya mwanga ndani ya rangi. Ukiviona, ongeza koti la pili.

## Hatua ya 5: Namba za chuma na namba za mzimu

Hapa ndipo kosa la ngumi na la kujikokota linapotibiwa, hivyo isome mara mbili.

Kitu chenye uzito kikianguka, kasi yake inaongezeka. Ukikipiga picha kwa vipindi sawa, masafa kati ya picha na picha yanafuata namba witiri: 1, 3, 5, 7, 9, 11. Hivyo ndivyo ardhi inavyovuta, jiwe au chuma.

Jambo la pili ni muda. Kitu kikianguka mita moja kinatumia chini ya nusu sekunde. Kikianguka mita 2.8, ambayo ndiyo njia ya ngumi yetu kutoka juu hadi ncha ya ukuta, kinatumia robo tatu ya sekunde. Kwa kasi yetu ya 8, hizo ni picha 6. Mnaposhusha ngumi kwa picha moja au mbili, mnamwambia mtazamaji kwamba imeanguka sentimita chache, na yeye anaamini: anaona kiroboti cha mezani. Kadiri kitu kilivyo kikubwa ndivyo kinavyoonekana kushuka polepole. Uoga wa kuchelewa ndio unaoziua roboti zenu.

Kwa hiyo mkono wa roboti utateremka milimita 2, 6, 10, 14, 18, kisha 22. Jumla 72. Hakuna mchoro mpya. Ni plastiki ileile ikisogezwa. Ili ukubwa ulingane na hesabu hiyo, kichwa cha roboti katika shoti ya 4 kiwe na urefu wa sentimita 6 na nusu hivi.

Mnyonya damu ni kinyume chake. Hana uzito, kwa hiyo haanzi polepole wala hamalizi polepole. Anasogea milimita 8, 8, 8, 8, miguu haichezi, joho halitikisiki. Binadamu hatembei hivyo, mnyama hatembei hivyo, na ndiyo maana ngozi inasisimka. Msichore miguu yake ikipiga hatua tena.

Kisanduku cha rimoti kinafuata namba za anayekishika. Kikiwa mkononi mwa mnyonya damu kinapaa kwa milimita 5, 5, 5. Kikimtoka mkononi, kinaanguka 4, 12, 20, 28, jumla 64, kwa sababu kimerudi kuwa kitu cha dunia hii.

Chora alama za namba hizi kwenye vipande vyembamba vya karatasi, kipande kimoja kwa kila mwendo, na uvibandike kando ya ubao. Plastiki zinazosogea usizitie kwenye bolti. Zitambae kando ya rula iliyobandikwa, ukingo wake ukifika alama baada ya alama.

## Hatua ya 6: Mahali pa kupigia

Fanya usiku, au funga mapazia yote. Mwanga wa dirishani hubadilika kila wingu linapopita, na katuni yako itapepesa.

Ubao uweke sakafuni, stuli juu yake, simu juu ya stuli lenzi ikiwa kwenye tundu. Inua ubao kwa vitabu mpaka dirisha la manila lijaze karibu kioo chote cha simu, kisha kuza kidogo ili fremu iishie ndani ya dirisha kwa milimita 4 kila upande. Nafasi hiyo tutaihitaji tukitikisa ubao.

Taa mbili zikae kushoto na kulia, zikielekea kazi kwa mshazari wa nyuzi 45. Ukiona taa ndani ya kioo, zishushe. Ukiiona simu yenyewe ndani ya kioo, bandika kipande cha manila nyeusi chini ya kikalio, chenye tundu dogo la lenzi. Kioo kitaakisi weusi tu.

Funga fokasi na mwangaza kwa kubonyeza kioo cha simu kwa muda mpaka alama ya kufuli itokee. Ukisahau, simu itajirekebisha yenyewe kila joho jeusi linapofunuliwa, na mandhari yote itaruka. Weka hali ya ndege ili simu isiite. Bofya kwa kitufe cha sauti cha waya wa masikioni. Kidole kikigusa simu, fremu inahama.

Sasa sababu kubwa ya kupepesa, ambayo sijaona mtu akiigundua mwenyewe. Plastiki si angavu kabisa. Kila moja inatia kijivu kidogo. Ukipiga picha yenye plastiki mbili, halafu yenye nne, halafu yenye mbili, mandhari inakuwa nyeusi na nyeupe kama moyo unaodunda. Dawa ni ya zamani: idadi ya plastiki iwe ileile daima. Yetu ni 4. Shoti yenye michoro miwili iongezewe tupu mbili. Macho ya roboti kabla hayajawaka, mahali pake pakae tupu moja. Ndiyo kazi ya zile plastiki 4 zisizochorwa.

Piga picha tano za majaribio ukivua na kurudisha plastiki kila mara. Zicheze. Mandhari ikitulia kama ukuta, endelea. Ikipepesa, usiendelee, hakuna kitakachojirekebisha mbele.

## Hatua ya 7: Shoti tano, picha kwa picha

Shoti ya 1. Picha 1 hadi 8, roboti na mvulana, kimya kabisa. Picha 9 na 10 macho yanawaka, 11 yanazima, 12 hadi 16 yanawaka. Usiogope utulivu wa sekunde nzima. Ndiyo inayompa mtazamaji nafasi ya kumwona mvulana wa milimita 9.

Shoti ya 2. Picha 1 hadi 6, kifua na taswira ya mvulana. Picha 7 hadi 14 kisanduku kinapaa milimita 5 kabla ya kila mbofyo. Kwenye picha ya 11, weka uso wa mshtuko. 15 na 16, shikilia. Uso usibadilike mapema: acha mtazamaji aone kabla ya mvulana.

Shoti ya 3. Picha 1 hadi 8, joho lililofungwa linateleza kutoka kulia, milimita 8 kila mara. Picha 9 joho la pili, 10 la tatu, 11 na 12 la nne, kisanduku kikionekana mkononi. 13 na 14 mdomo nusu, 15 na 16 mdomo wazi na meno. Joho hufunuka kwa picha tatu tu. Wote mliochora joho kwa hatua kumi mlipata pazia la sebuleni.

Shoti hii itunze. Katuni za roboti za Japani za miaka ya 1970 zilikuwa na akiba ya vipande vinavyorudiwa kila kipindi. Bwawa linalofunguka na Mazinger Z ikapanda kutoka chini ya maji lilikuwa lilelile wiki baada ya wiki, na waliokulia nchi za Ghuba wakiitazama Grendizer, katuni nyingine ya roboti ya Japani, kwa Kiarabu wanakumbuka vivyo hivyo mruko wa rubani kuingia ndani ya roboti. Kwa kuwa joho lako limepigwa juu ya weusi mtupu, unaweza kulirudia katika hadithi yoyote bila kuchora tena.

Shoti ya 4. Mpangilio kutoka chini: ukuta uliovunjika, kichwa na bega, mkono, vumbi. Mwanzoni ukuta uliovunjika na vumbi ni plastiki tupu. Picha 1 hadi 5 mkono uko juu, hauchezi. Picha 6 hadi 11, mkono unashuka 2, 6, 10, 14, 18, 22. Picha 12 ni karatasi nyeupe tupu, hakuna kingine.

Picha 13, weka ukuta uliovunjika na vumbi la kwanza, na anza kutikisa ubao mzima kando ya rula iliyobandikwa juu ya vitabu vilivyoubeba: kushoto milimita 3 kutoka katikati, kulia 3, kushoto 2, kulia 2, kushoto 1, kulia 1. Hizo ni picha 13 hadi 18. Rudisha ubao katikati. 19 hadi 21 vumbi la pili, 22 hadi 24 la tatu, jepesi zaidi. Vumbi na ile karatasi nyeupe vinakuokoa: hukuchora jiwe hata moja likianguka, na mtazamaji atakuapia kwamba ameyaona.

Ukiicheza shoti hii peke yake na mwenzako akarudisha kichwa nyuma kidogo kwenye picha ya 12, umefaulu. Ikiwa ngumi bado ni nyepesi, angalia picha 1 hadi 5. Mara nyingi kosa ni kwamba hukuuacha mkono ukae juu vya kutosha.

Shoti ya 5. Mnyonya damu ana sentimita 10. Picha 1 hadi 4 ameligeukia pengo. Picha 5 hadi 10 mwale wa jua, ambao ni kabari nyeupe isiyo na mstari wa wino, unaingia kutoka pengoni milimita 8 kila picha. Nao unakwenda sawa kwa sawa. Mwanga pia hauna uzito, na ni vizuri adui akutane na kitu kinachosogea kama yeye.

Picha 11, weka joho la kwanza, lile ambalo bado limesimama lakini halina uso wala mikono, na kisanduku kianze kuanguka: 4, 12, 20, 28. Kinafika chini picha ya 14. Joho la pili picha ya 15, la tatu 16, la nne likiwa limelala 17 hadi 24. Msimchome moto, msimwoneshe mifupa. Nguo tupu inatosha, na ni michoro minne.

## Hatua ya 8: Sauti

Ngumi: gonga sufuria kubwa kwa mwiko, rekodi, punguza kasi iwe nusu. Sauti itashuka na kuwa nzito. Iweke kwenye picha ya 12 ya shoti ya 4, si ya 11.

Kisanduku kikitua: kiberiti kilichojaa, kikiangushwa juu ya meza. Sauti hii usiipunguze kasi.

Mnyonya damu hana sauti yoyote. Shoti ya 3 nzima iwe kimya, hata upepo wa uwanjani uukate pale anapotokea, na uurudishe kwenye picha ya 17 ya shoti ya 5, joho likiwa limelala.